Majani, fundi wa muziki wa kufokafoka

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita hapo. Barabara ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni hapo. Viazi, mahindi na mbao zetu hupita hapo kwenda Dar es Salaam. Katika miaka ya 2000, kanda za muziki wa vijana zilipita hapo hapo kuja Njombe.

Wananchi wengi wanayajua majina ya waimbaji wa kanda hizo. Wachache wanamjua mtu aliyekaa nyuma ya kioo cha studio. Vijana humwita prodyuza. Maana yake ni mtayarishaji wa muziki.

KAZI YA MTAYARISHAJI

Mahindi hayawi ugali yenyewe. Yupo anayelima, yupo anayesaga na yupo anayesonga. Muziki ni hivyo hivyo. Mwimbaji huleta mashairi yake. Mtayarishaji hutengeneza mdundo kwa kinanda na kompyuta. Humsimamisha mwimbaji mbele ya kipaza sauti. Akikosea, humwambia arudie. Mwisho huchanganya sauti na mdundo, mpaka kila neno lisikike vizuri.

Zamani bendi ya dansi ilikwenda studio ya Radio Tanzania na wapigaji wake wote. Magitaa, ngoma na tarumbeta vilipigwa pamoja. Lakini kijana wa kufokafoka hakuwa na bendi. Alikuwa na daftari lake tu. Mwaka 1991 Saleh Jabir alipata sifa kwa kufoka kwa Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Marekani. Maneno yalikuwa yetu, mdundo ulikuwa wa wengine. Walihitajika mafundi wa kutengeneza midundo hapa hapa nchini.

MAJANI NI NANI?

Jina lake ni Paul Matthysse. Watu humwita P-Funk, au Majani. Baba yake ni Mholanzi na mama yake ni Mtanzania. Katikati ya miaka ya 1990 alianzisha studio ya Bongo Records, Dar es Salaam. Hakuwa peke yake. Master Jay alikuwa na studio ya MJ Records. Bonny Luv alifanya kazi Mawingu Studio. Hao wote walijenga muziki unaoitwa Bongo Fleva.

Majani alijulikana kwa ukali wa kazi. Hakumpokea kila aliyebisha hodi. Alitaka mashairi yenye maana na sauti iliyofanyiwa mazoezi.

Mwaka 2001 Joseph Haule, anayeitwa Profesa Jay, alitoa albamu ya Machozi Jasho na Damu. Ndani yake umo wimbo wa Ndio Mzee, uliotengenezwa na Majani. Wimbo huo unamcheka mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana, na watu wanaomwitikia tu. Wazee waliosema kwamba muziki huu ni wa wahuni, walisikiliza na kufikiri. Mwaka 2015 Joseph Haule huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi.

Majani alifanya kazi pia na Juma Nature wa Temeke, aliyeimba shida za watu wa kawaida. Albert Mangwea, aliyeitwa Ngwair, alitoa kwake albamu ya a.k.a. Mimi mwaka 2004. Ngwair alifariki Afrika Kusini mwaka 2013.

Kazi hizo ziliwaonyesha vijana jambo moja kubwa. Kufoka hakuhitaji Kiingereza. Kiswahili cha mtaani kinatosha, na mtu wa kijijini anakielewa. Baadaye studio ndogo zilifunguliwa hata mikoani. Chumba kimoja na kompyuta moja vinatosha kuanzia.

FAIDA ILIKWENDA WAPI?

Kanda ziliuzwa kwa wingi, lakini waimbaji wengi walibaki maskini. Wengi walimwuzia msambazaji kazi yao kwa malipo ya mara moja. Hawakujua zimeuzwa kanda ngapi. Wezi nao walinakili kanda na kuziuza.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki. Kwa sheria hiyo, wimbo ni mali ya aliyeutunga, kama shamba lilivyo mali ya mwenyewe. Ofisi inayoshughulikia haki hizo ni COSOTA.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Njombe. Kijana akitaka kurekodi, huomba fedha nyumbani. Baba huuza msitu wa misindano kabla haujakomaa. Mti mchanga hauna mbao, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Fedha zinakwisha studio, na msitu umekwisha.

Wazazi, msimkatalie kijana kabla ya kumsikiliza. Kaeni naye mwulizane mambo haya:

1. Je, amefanya mazoezi mpaka wenzake wakamkubali?
2. Malipo ya studio ni kiasi gani, na ni kwa nyimbo ngapi?
3. Wimbo ukimalizika, utakuwa mali ya nani? Na mdundo je?
4. Wimbo ukiuzwa, kila mmoja atapata sehemu gani?
5. Mapatano hayo yameandikwa wapi?

Swali la tano ndilo kubwa. Mapatano ya mdomo husahaulika, lakini karatasi hukumbusha. Wewe uliyejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, waweza kumsaidia mwanao kuliko unavyodhani. Isomeni karatasi pamoja, neno kwa neno. Neno msilolielewa, ulizeni. Mkiharakishwa kutia sahihi kabla ya kusoma, ondokeni na karatasi mkaisome nyumbani. Mkinyimwa karatasi, rudini na fedha zenu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

Mtayarishaji hufanya kazi gani? Kwa nini waimbaji wengi hawakupata faida ya kanda zao? Katika kijiji chenu, ni mapatano gani mengine yanayofaa kuandikwa?