Kufukuza Hela Iliyokwenda

Mtu akipoteza shilingi elfu tano kwenye mkeka wa kubeti wa Jumamosi, akalalamika kidogo kisha akaendelea na shughuli zake, hana tatizo la kamari. Amelipia burudani, kama anavyolipia kiingilio uwanjani. Tatizo huanza pale hasara ile inapomkaa rohoni, akaona lazima airudishe, na njia pekee anayoiona ni kubeti tena. Katika dalili zote ambazo sisi wanasaikolojia huziuliza, hiyo ya kufukuza hela iliyokwenda ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa sababu ndiyo inayougeuza mchezo kuwa deni.

Tuanze na hesabu, maana wengi hupotea hapo. Chukua mkeka wa mechi kumi, na tuseme kila mechi uliyochagua ina nafasi nusu kwa nusu. Kampuni ingekuwa haitafuti faida, ingekupa odi ya 2.00, yaani ukishinda unalipwa mara mbili ya dau. Inakupa 1.90. Tofauti hiyo ndiyo riziki yake, na kwa mechi moja hutaihisi sana: katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 95 hurudi kwa wachezaji kwa wastani. Lakini kwenye mkeka odi huzidishana, na makato nayo huzidishana. Mkeka huo wa shilingi 1,000 unaahidi takriban 613,000, na macho ya wengi huishia kwenye tarakimu hiyo. Nafasi ya mechi zote kumi kutiki ni moja kati ya 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Ukiendelea kusuka mikeka ya namna hiyo, katika kila shilingi 100 unazoweka zitarudi karibu 60 tu kwa wastani. Mkeka unavyorefuka ndivyo kampuni inavyokukata zaidi.

Mchezo wa kindege, Aviator, uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe ya Georgia, unatangaza kurudisha asilimia 97. Asilimia tatu zinazobaki zinaonekana kidogo, ila hukatwa katika kila mzunguko, na mzunguko huisha kwa sekunde chache tu. Hela ile ile inakatwa tena na tena. Kinachonitia hofu zaidi ni kasi hiyo: aliyebeti mpira wa Jumapili ana siku nzima ya kutulia hasira zimtoke, lakini wa kindege anaweza kujaribu kurudisha hasara kabla hata hajavuta pumzi.

Anayefukuza hasara huamini pia kwamba zamu yake lazima ifike. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Nyeusi ilivyozidi kujirudia, ndivyo watu walivyozidi kurundika hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, na hela nyingi zikaishia kwa kasino. Kigololi hakina kumbukumbu. Wala timu itakayocheza usiku wa leo haijui kwamba jana ulichaniwa mkeka. Hata hivyo aliyepoteza huona kwamba anaidai bahati, na kwamba akiacha sasa atakuwa amelitupa deni lililokuwa karibu kulipwa.

Ubongo nao humsukuma huko huko. Mwaka 2009 mtafiti Luke Clark na wenzake walichapisha utafiti uliopima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mashine ya kubahatisha. Walipokosa ushindi kidogo tu, washiriki walisema hawakufurahia. Lakini sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi ziliamka, na hamu ya kuendelea ikapanda pale walipokuwa wamejichagulia wenyewe alama ya kuchezea. Mkeka uliochanwa na timu moja ni hasara kamili sawa na uliochanwa na timu zote kumi. Mchezaji, kwa kuwa timu alizichagua mwenyewe, huuhesabu kuwa ushahidi kwamba anakaribia.

Ndiyo maana siridhiki na maneno ya kumwambia mtu acheze kwa kiasi kisha kumwacha ajipimie mwenyewe. Kiasi hupangwa kabla ya mechi, mtu akiwa ametulia, na hela yake itoke kwenye matumizi ya starehe, kamwe isitoke kwenye kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Ikiisha, imeisha mpaka mwezi ujao. Na siku uliyopoteza, usicheze tena. Kama ningeruhusiwa kumpa mchezaji kanuni moja tu, ningempa hiyo.

Mkopo nao ni mstari ambao haufai kuvukwa hata mara moja. Simu ile ile inayolipia dau ndiyo yenye mikopo ya Songesha kwa Watanzania na Fuliza kwa Wakenya, na ikishindikana huko, mtaani kuna mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Uingereza ilipiga marufuku kucheza kamari kwa kadi za mkopo Aprili 2020. Naamini wasimamizi wetu wa michezo ya kubahatisha wanapaswa kuuangalia mlango huu wa mikopo ya simu kwa ukali kama ule.

Utajuaje kama umeshavuka kutoka burudani kwenda kwenye uraibu? Tangu mwaka 1997 wataalamu wanatumia maswali mawili mafupi. Umewahi kuhisi unahitaji kuongeza dau zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo, hata kwa swali moja, linatosha kutafuta ushauri. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wameuweka ugonjwa wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kumtukana mgonjwa kuwa mlafi hakumtibu. Jambo jingine lisilojulikana sana: baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, zinaweza kumwamshia mtu tamaa ya kamari ambayo hakuwa nayo. Mzee wako akianza kubeti ghafla baada ya kuanzishiwa dawa, mweleze daktari wake, wala msiikatishe dawa wenyewe.

Familia hukosea zaidi kwenye deni. Ndugu huchanga, kijana hupewa hela taslimu akalipe, na kwa mtu anayefukuza hasara hela hiyo ni dau jipya. Deni likilipwa, lilipwe moja kwa moja kwa mdai, na papo hapo mshahara upitie mikono ya mtu mwingine kwa muda. Mke anaweza kumwambia mumewe, “Baba Asha, deni tutalipanga pamoja, ila simu na mshahara navyo tutavipanga pamoja.” Kisha waiandikie kila kampuni anayochezea ifunge akaunti yake, na wafute programu za kampuni hizo kwenye simu.

Tiba ipo. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mkoani Dodoma na Mathari jijini Nairobi ni hospitali zenye wataalamu wa magonjwa ya akili. Tiba ya kubadili fikra na mienendo humfundisha mtu kuitambua ile sauti ya “moja ya mwisho, nirudishe changu” na kujua la kufanya inapokuja. Wapo pia wanaosaidiwa na vikundi vya waliopitia shida hiyo, vya namna ya Gamblers Anonymous iliyoanzia Los Angeles mwaka 1957.

Hatari ya kujiua miongoni mwa walioelemewa na kamari ni kubwa, hasa siku deni linapofichuka. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi wanaotibiwa huteleza angalau mara moja. Siku ya kuteleza, kazi ya kwanza ni kumpigia mshauri wake au ndugu aliyeshika mshahara na kutaja kiasi kilichokwenda, kabla ya kushika simu kukirudisha. Kiasi hicho kiandikwe kwenye matumizi ya mwezi huo kama hela iliyokwisha kutumika.