Amana Haiachiwi Mashine

Amana haikamiliki mpaka pawe na mtu wa kuulizwa. Bwana Mtume (s.a.w.) alijulikana kwa jina la Al-Amin kabla ya kupewa utume, na alipohama Makka alimwacha nyuma Sayyidna Ali awarudishie watu mali walizoziweka kwake. Kila mwenye mali alijua amwendee nani.

Leo taasisi nyingi zinaiachia akili mnemba kazi ya kupima nani apewe mkopo, nani aajiriwe na nani atiliwe shaka. Yaliyotokea Uholanzi yanastahili kuzingatiwa. Tangu 2013, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitumia programu ya kompyuta kuyapima maombi ya ruzuku ya malezi ya watoto na kuyapa alama za hatari. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo. Maofisa waliokabidhiwa majalada hawakuelezwa kwa nini alama imepanda. Maelfu ya wazazi, wengi wao wenye asili ya kigeni, waliitwa wadanganyifu, wakatakiwa kurudisha ruzuku yote, pengine kwa sababu ya saini moja iliyokosekana. Walipouliza kosa lao, hawakupata jawabu. Familia zilizama katika madeni, na nyingine zikapoteza nyumba.

Ndani ya mamlaka hiyo, mwanasheria Sandra Palmen aliandika waraka wa kuonya mwaka 2017. Haukufuatwa. Januari 2021, serikali nzima ilijiuzulu.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kompyuta ndiyo iliyokhini. Waliokhini ni waliokabidhiwa amana wakajificha nyuma yake, na wakamnyamazia aliyewanasihi.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa mashine pekee haki ya kuomba ufikiriwe upya. Basi mama anyimwapo mkopo kupitia simu yake, asinyamaze kwa haya. Na aulize: nani ameamua, kwa sababu gani, na rufaa yangu niipeleke kwa nani?

Nasi katika vyama vyetu, madrasa na kamati za misikiti, tuingizapo mitambo hii, tumteue kwanza mtu wa kujibu, na tumsikilize anayeonya. Kesho mbele ya Mola wetu, hakuna atakayesema kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua.