Vifaa Visivyofunguka

Mwezi uliopita nilialikwa na shule moja ya msingi karibu na Olenguruone nizungumze na walimu kuhusu sarufi ya Kiswahili. Mvua ilinyesha, kama ilivyo ada ya huko kwenye majani chai, ukingoni mwa Msitu wa Mau, nasi tukakimbilia ghalani. Humo nilikuta masanduku ya vishikwambi vilivyokufa (neno tulilolibeza baadhi yetu lilipozuka, na sasa twalitumia bila haya), taa za sola zisizowaka, na redio kuukuu.

“Daktari, hivi nivitupe wapi?” mwalimu mkuu aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Aliitwa fundi kutoka sokoni. Redio ilikuwa na skrubu nne. Aliifungua kwa bisibisi, akatenga spika, waya za shaba na transfoma. Taa ya sola ilimshinda. Haikuwa na skrubu hata moja. Gamba lake lilikuwa limeunganishwa kwa gundi na betri kubandikwa ndani. Alipopenyeza kisu plastiki ilipasuka, naye akaacha, maana betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kuwaka moto.

Hapo nililikumbuka somo lililonipeleka. Mwanafunzi akipewa neno “watakaotusomea” huligawa: wa-taka-o-tu-som-e-a. Kila mofimu hutoka mahali pake na mzizi husalia mzima. Taa ile haikuundwa hivyo. Aliyeiunda hakufikiria hata mara moja kwamba siku moja itakufa.

Ni desturi yetu kumlaumu mwananchi kwa kutupa taka ovyo. Lawama hiyo haijakaa sawa. Mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Hata penye nia, malighafi zenyewe hukataa. Bodi ya saketi aghalabu hufumwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa epoksi, ambao ukishakauka hauyeyuki tena. Plastiki nyingi hutiwa kemikali za bromini ili zisishike moto upesi, nazo zikichanganywa na plastiki nyingine huziharibu. Basi anayetaka shaba huchoma, na moshi huvutwa na watoto wake.

Wala kuchakata kwenyewe si salama daima. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sumu ikiwamo katika kifaa tangu mwanzo, mchakataji huirithi.

Inawezekana kutoitia. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umebana matumizi ya risasi, zebaki na kadmiamu katika vifaa vipya, na viwanda vikabadilika. Kampuni ya Jiva Materials ya Uingereza imebuni bodi ya saketi ya nyuzi za mimea, ambayo ikitiwa katika maji ya moto huachana tabaka kwa tabaka na vijenzi vyake vikaokotwa vizima. (Birika la chai, nadhani, lingetosha kwa taa moja.) Mwaka 2023 kampuni ya Infineon ya Ujerumani ilitangaza kuwa imeanza kuitumia katika bodi zake za maonyesho.

Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inambebesha mtengenezaji na mwagizaji dhima ya bidhaa hadi inapokuwa taka. Hilo ni jema. Hata hivyo, dhima ya kukusanya haitoshi ikiwa kinachokusanywa hakifunguki. Anayenunua kwa fedha za umma, shule zikiwamo, ana sauti ambayo bado hajaitumia.

Tulipokuwa tukiagana, mwalimu mkuu alinidokezea kuwa muhula ujao shule itanunua taa nyingine za sola. Nilimwomba amuulize muuzaji maswali mawili kabla ya kutia sahihi: taa hii inafunguliwa kwa bisibisi gani, na betri yake inauzwa wapi peke yake? Aliyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio.