Anayelinda Kambi Naye Alindwe

Mchungaji anayehamisha ng'ombe kufuata maji wakati wa kiangazi hubeba blanketi, sufuria, unga na panga. Mbwa hahesabiwi kwenye mzigo, anafuata tu. Usiku ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kusikia fisi anayezunguka zizi la miiba, na ndiye wa kwanza kuumwa.

Kwa wafugaji wa Bukiriro na vijiji vingine vya wilaya za Ngara na Biharamulo, hofu kubwa ya porini ni chui na fisi. Lakini hatari nyingi zinazomkabili mbwa kambini ni ndogo kuliko ukucha, na nyingi huzuilika kabla ya kutoka nyumbani.

Kichaa cha mbwa

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Fisi au mbweha mwenye ugonjwa akimng'ata mbwa, virusi hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Dalili zikishatokea, iwe kwa mbwa au kwa binadamu, tiba ya uhakika hakuna.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huupata kutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ni watu wapatao 1,500 kwa mwaka. Wataalamu wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Chanjo haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Mwili wa mbwa unahitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga, hivyo achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya msafara, kisha arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Mtu aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbung'o na kupe

Vichaka vya mito na mapori ya ukanda huu ni makazi ya mbung'o. Mfugaji anajua mbung'o anavyokondesha ng'ombe; wengi hawajui kwamba mbwa naye huathirika vibaya. Vimelea wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humletea homa, fizi kuwa nyeupe, tezi kuvimba, na mara nyingi macho huingia ukungu mweupe. Asipotibiwa, hufa. Zaidi ya hayo, mbwa anaweza kubeba aina ya vimelea wanaosababisha malale kwa binadamu.

Mbung'o huuma mchana na huvutwa na kitu kinachotembea. Kambi ikae mahali peupe, mbali na kichaka kinene cha mtoni, na moshi wa kinyesi cha ng'ombe uwashwe pale mifugo na mbwa wanapopumzika. Dawa ya diminazini ambayo ng'ombe huchomwa isipimwe kwa macho: kwa mbwa, kiasi kikizidi kidogo tu huweza kudhuru ubongo. Daktari ndiye apime kwa uzito wake. Vivyo hivyo, mbwa asimwagiwe dawa ya kuogeshea ng'ombe bila maelekezo.

Kupe wakaguliwe kila jioni: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Mshike kupe karibu na ngozi kwa kibano, umvute taratibu bila kumkamua.

Nyoka, maji na nyama

Mbwa huingiza pua kila shimo, kwa hiyo nyoka humgonga usoni au mguuni. Swila akimtemea sumu machoni, mwoshe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi. Akigongwa, usichanje jeraha wala usifunge kamba. Mtulize, mbebe asitembee, na umpeleke kwa mtaalamu haraka.

Mbwa hana jasho la kumpoza isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema. Akihema bila kukoma, akidondokwa na mate mazito na kuyumba, mpeleke kivulini, mloweshe maji ya kawaida na umpe ya kunywa kidogo kidogo. Asiachwe kunywa peke yake mtoni Ruvubu au Kagera, maana mamba huvizia ukingoni.

Mkichinja kambini, msimtupie maini au mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji. Humo hukaa mabuu wa tegu ambao hukomaa tumboni mwa mbwa, kisha mayai yao hurudi kwa watu kupitia mikono na maji.

Mpaka wa hifadhi

Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato mwaka 2019. Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa, na sayansi inaunga mkono sheria hiyo. Mwaka 1994, virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, ambavyo watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji jirani, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Usiku, mbwa alale ndani ya zizi karibu na moto. Akiachwa kuranda anaweza kukutana na chui, mtego wa waya, au wanyama wa hifadhi.

Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini mfugaji asingoje siku hiyo. Kabla ya kuhamisha ng'ombe, amwone afisa mifugo wa kata yake na amuulize jambo moja: chanjo ya mbwa inatolewa lini na wapi?