Vinyoya: Ukishajua Kupiga, Jifunze Kukanyaga

Jamaa zetu wengi wa Nachingwea wakisikia mpira wa vinyoya hudhani ni mchezo wa watoto wa bweni saa ya mapumziko. Nasi tulidhani hivyo, ingawa Mganda Edwin Ekiring aliufikisha hadi Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012. Tulifunga wavu kati ya mikorosho miwili, tukachora mistari kwa majivu, tukajiona mafundi. Kisha Jumamosi moja tukaalikwa Ruangwa. Wenyeji wetu walitufunga 21 kwa 6, nao hawakutoka hata jasho.

Siku hiyohiyo mwenzetu mmoja, baba wa miaka arobaini na kitu, alirudi kinyumenyume kufuata kinyoya kirefu, akasikia kama amepigwa teke kisiginoni. Aligeuka amwone aliyempiga. Nyuma hapakuwa na mtu.

Kano nene linalounganisha kigimbi na kisigino lilikuwa limekatika. Kwa kuwa aliweza kuchechemea, nyumbani walimchua kwa maji ya moto wiki mbili nzima, na alipofika hospitali tiba ilikuwa imekuwa ngumu zaidi. Ipo njia rahisi ya kutambua. Mlaze mgonjwa kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha minya kigimbi. Mguu ulio mzima, unyayo husogea; kano likikatika, unyayo hutulia tu. Hapo msingoje kesho, wala msichue.

Tulipowauliza wenzetu wa Ruangwa siri yao, walitucheka kidogo, kisha wakatuonyesha miguu badala ya mikono. Anayeanza hupiga na kusimama alipo. Aliyekomaa hupiga na kurudi katikati, na mpinzani anapopiga yeye huruka kijiruko kidogo sana ili awe tayari kwenda upande wowote. Kwenda nyuma haendi kinyumenyume: hugeuza mwili ubavu, mguu wa upande wa raketi ukitangulia nyuma. Kwenda mbele hutua kwa kisigino, goti likielekea vilipo vidole, lisilale ndani. Mafunzo hayo ndiyo yaleyale ambayo mganga angekupa kwa ajili ya magoti na vifundo vyako, na sisi tulikuwa tunayadharau.

Halafu akili. Kiwanja kina urefu wa meta 13.40, yaani meta 6.70 kila upande. Si kikubwa, lakini ukimtoa mtu pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto mara kumi, mapafu yake yatakuambia. Sisi tulishindilia kila kinyoya kwa nguvu, nao wakavirudisha taratibu hadi tukachoka. Pigo refu la juu hukupa muda wa kupumua. Pigo la kudondosha karibu na wavu humvuta mpinzani mbele. La kushindilia lingoje kinyoya kifupi. Yote matatu yaanze kwa mkono ulioinuliwa namna moja, asijue lipi linakuja. Raketi ishikwe kwa ulegevu na ibanwe wakati wa kupiga tu. Wanaoikaba muda wote ndio wanaolalamikia kiwiko.

Mkicheza wawili wawili, mnaposhambulia mmoja akae mbele na mwingine nyuma. Mnapojihami, simameni sambamba. Wa mbele asigeuke kamwe kumtazama mwenzake anayepiga. Kichwa cha kinyoya kina upana wa kama sentimita 2.5, hivyo huingia kwenye tundu la jicho. Jicho likipigwa usilisugue wala kulikandamiza. Likinge kwa kikombe safi na uende hospitali siku hiyohiyo.

Sisi wa nje tuna adui mwingine, yaani upepo. Tunacheza asubuhi na mapema, kwa vinyoya vya nailoni, kwa sababu vya manyoya hukauka na kuvunjika upesi. Kila seti tunabadilishana upande. Anayecheza kuelekea upepo apige kwa nguvu zaidi. Anayesukumwa nao apunguze.

Kifundo kikiteguka, pumzisha mguu, weka kitambaa cha maji baridi, funga bandeji, uinue. Usipoweza kupiga hatua nne, au mfupa ukiuma ukibonyezwa, piga picha.

Mwezi uliopita tulirudi Ruangwa. Tulifungwa tena, 21 kwa 17. Mwenzetu alikuwa kitini anahesabu pointi, na mara mbili alitunyima moja.