GHARAMA ZA NISHATI NYUMBANI: NJIA ZA KUZIPUNGUZA BILA KUUZA KAHAWA IKINGALI MTINI

Katika kaya nyingi za Bugomora na kata nyingine za Kyerwa na Karagwe, fedha za kahawa huingia kwa msimu, lakini moto wa jikoni huwashwa kila siku. Tofauti hii ndiyo chanzo cha shida ambayo haitajwi sana katika mikutano ya vyama. Mwanachama huijua ada ya shule na deni la pembejeo, kwa kuwa ni fedha nyingi na zina tarehe yake. Lakini fedha za mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi na umeme hutoka kidogo kidogo, wala haziandikwi popote. Ifikapo Machi, fedha za msimu zimekwisha, mvua za masika zimeanza, kuni zimelowa, na mnunuzi wa butura anapita mashambani.

Butura, kama wanachama wajuavyo, ni kuuza kahawa ingali maua au punje changa. Muuzaji hupata fedha kidogo wakati wa dhiki. Mnunuzi huvuna mazao yote wakati wa bei. Serikali imeipiga vita biashara hii na vyama vya ushirika vimeipinga, lakini haitakwisha kwa makatazo peke yake iwapo sababu zinazomsukuma mkulima hazitapunguzwa. Gharama za nishati ni mojawapo ya sababu hizo, na ni katika zile ambazo kaya na chama vinaweza kuzipunguza kwa nguvu zao wenyewe.

Kwa nini gharama hupanda

Bei ya mafuta haiamuliwi kijijini. Kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 2011 ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa uliongezwa nchini kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta hayo na dizeli. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei zilipanda tena hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Aidha, bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi huhesabu pia usafirishaji kutoka bandarini. Ndiyo maana bei katika wilaya ya mbali kama Kyerwa huwa juu kuliko ya Dar es Salaam.

Mwanachama hawezi kubadili mambo hayo. Anachoweza kubadili ni kiasi anachotumia, wakati anaponunua, na namna anavyonunua.

Kuanza na daftari

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kwa mwezi mmoja, kila shilingi inayotoka kwa ajili ya moto na mwanga iandikwe katika daftari: tarehe, kitu kilichonunuliwa, kiasi na bei. Tuchukue mfano wa kaya inayotumia shilingi 500 kwa siku. Fedha hizo huonekana ndogo, lakini kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 15,000, na kwa mwaka ni shilingi 182,500. Kaya hiyo ikipunguza theluthi moja tu, itabaki na zaidi ya shilingi 60,000, nazo ndizo zingeweza kuivusha miezi ya dhiki.

Daftari pia litaonyesha hasara ya kununua kidogo kidogo. Anayenunua mkaa kwa kopo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia. Hivyo mwenye fedha kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa kuliko wote.

Kuni na jiko

Kuni mbichi hula moto wake zenyewe, kwa sababu sehemu ya joto hupotea katika kukausha maji yaliyomo ndani ya mti kabla chungu hakijapata kitu. Kuni zilizopasuliwa na kukaushwa kwa miezi kadhaa hupika chakula kilekile kwa mzigo mdogo zaidi na kwa moshi kidogo. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hukutana na mavuno ya kahawa. Huo ndio wakati wa kukata, kupasua na kupanga kuni chini ya paa, mahali penye hewa. Kaya inayosubiri hadi masika hukusanya kuni wakati ambapo zimelowa na fedha hazipo.

Mafiga matatu yaliyo wazi huacha sehemu kubwa ya joto itoroke pembeni. Jiko banifu la udongo, lenye mdomo mmoja wa kuni na kingo zinazokikumbatia chungu, huweza kujengwa kwa udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Jambo la kuangaliwa ni kwamba jiko lilingane na chungu kinachotumika kila siku. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe; chungu kifunikwe; na chakula kikikaribia kuiva, kiondolewe motoni na kuwekwa katika kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, ambamo kitaendelea kuiva kwa joto lake.

Mkaa ni nishati ghali kuliko unavyoonekana. Katika tanuri la kienyeji, zaidi ya kilo 6 za kuni huweza kutumika kupata kilo 1 ya mkaa. Kwa hiyo mwenye miti yake hana sababu ya kuigeuza mkaa kwa matumizi ya nyumbani. Ni afadhali apande migrevilea au misizi katika mipaka na ndani ya shamba la kahawa, mahali inapotoa kivuli, na matawi yanayopogolewa yawe kuni. Mikaratusi hukua upesi na huchipua ikikatwa, lakini isipandwe karibu na chemchemi wala ndani ya kibanja.

Mwenye ng'ombe wawili au zaidi wanaofugwa zizini aweza kufikiria mtambo wa biogesi. Tope linalotoka humo ni mbolea nzuri kwa migomba, hivyo samadi haipotei. Huko Karagwe, shirika la wakulima la MAVUNO lilishirikiana na wahandisi wa Kijerumani kujaribu mtambo unaotumia vigogo vya migomba. Gharama ya kujenga ni kubwa. Kwa hiyo uamuzi huo ufanywe baada ya hesabu na ushauri wa fundi.

Umeme

Kwa viwango vilivyowekwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani hutozwa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza katika mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Maana yake ni kwamba uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, lakini uniti 10 tu zinazofuata ni shilingi 3,500. Mwanachama aliye katika kundi hili alinde mpaka huo, na asiyejua kundi lake aulize katika ofisi ya TANESCO.

Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila siku, hutumia uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 kwa muda huohuo haifikishi uniti moja na nusu. Pasi au jiko la koili la wati 1,000 humaliza uniti moja kila saa. Kwa hiyo nguo zipigwe pasi pamoja mara moja kwa wiki. Anayetaka kupikia umeme achague sufuria ya umeme yenye kufungwa ili mvuke usitoke, kwani hutumia umeme mdogo kuliko koili kwa vyakula vya kuchemshwa muda mrefu kama maharage.

Wajibu wa chama cha msingi

Mambo yafuatayo huwa mepesi yakifanywa na wengi kuliko yakifanywa na kaya moja:

Kwanza, Katibu akusanye mahitaji ya wanachama mwanzoni mwa msimu, ili taa za LED, taa za nguvu ya jua, majiko banifu au mitungi ya gesi vinunuliwe kwa jumla. Mitungi ipimwe mbele ya mnunuzi. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa juu yake.

Pili, iwapo mwanachama atakubali kukatwa fedha katika malipo ya kahawa yake, makubaliano hayo yawe ya maandishi, yenye kiasi na mwisho wake, na utaratibu wenyewe upitishwe na mkutano mkuu. Mikopo ya fedha ipitie SACCOS yenye leseni, kwa kuwa chama cha mazao si chombo cha kukopesha.

Tatu, chama kianzishe kitalu cha miche, kisha kiwaite wanawake na wanaume kujifunza kujenga jiko. Anayepika ndiye anayejua mahali moto unapopotea. Asiachwe nje ya kikao kinachojadili kuni.

Makatibu wanaombwa kuliingiza suala hili katika ajenda kabla msimu haujafunguliwa. Kaya itakayoingia masika ikiwa na kuni kavu, daftari lililoandikwa na akiba kidogo, itakuwa na nguvu ya kumwambia mnunuzi wa butura arudi alikotoka, na kahawa yake itafika ghalani mwa chama ikiwa imekomaa.