Mzee ni Nani? Istilahi za Utafiti wa Uzee na Tathmini ya Afya

Mwaka 1903 Élie Metchnikoff, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyefanya kazi mjini Paris, aliipa taaluma inayochunguza uzee jina la jerontolojia. Mwaka 1909 daktari Ignatz Nascher wa New York alibuni neno jeriatria kwa ajili ya utabibu wa wazee. Ya kwanza huchunguza jinsi binadamu anavyozeeka kimwili, kiakili na kijamii. Ya pili hutibu. Twaona yafaa ya kwanza iitwe elimu ya uzee, na ya pili tiba ya wazee.

Ugumu umo katika neno mzee lenyewe. Mzee ni mtu wa umri mkubwa. Pia ni mzazi, mkuu wa kazi, na kila astahiliye heshima. Tutazame miteremko ya Mlima Meru. Kwa Waarusha, wenye mfumo wa marika kama jamaa zao Wamaasai, mwanamume akishatoka umorani huingia safu ya wazee miaka mingi kabla hajatimiza 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, kwa upande wake, humhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, awe mwanamume au mwanamke. Basi mtafiti akiuliza kijijini, "Mna wazee wangapi?" aweza kutajiwa wanaume waamuao mashauri, hata wa miaka 45, na mjane wa miaka 80 akasahauliwa.

Hapo kosa la neno huwa kosa la hesabu. Tuseme wanaostahili huduma ni 250, walioandikwa ni 200, na waliohudumiwa ni 100. Taarifa itasema nusu wamefikiwa, kumbe ni asilimia 40. Wale 50 hawaonekani hata katika upungufu.

Hapana budi pia kutenga maneno matatu yanayochanganywa maofisini. Ufuatiliaji hufanywa kazi ikiendelea. Ukaguzi hutazama kama fedha na kanuni zimeheshimiwa. Tathmini huuliza kama hali ya watu imebadilika, na kama mabadiliko hayo yametokana na programu yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza hojaji ziandike "mtu wa miaka 60 na zaidi", na mzee libaki neno la heshima katika kumwamkia. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aulizwe matukio. Anayekumbuka Wameru wakihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki mwaka 1951 amekwisha kupita miaka 70. Anayekumbuka kutangazwa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967 amekwisha kutimiza 60.

Wasomaji, hasa waganga na wauguzi wa vijijini, wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia. Istilahi njema ni ile ambayo bibi aliyeketi jikoni akiisikia, atajua kuwa naye anaulizwa.